Fundi Augustino na Cherehani za Ijumaa

Wapo wanaume wanaowaonea wivu wake zao kwa sababu ya wanaume wengine. Hao wana nafuu, maana angalau wanajua wa kumvizia. Augustino alimwonea wivu mkewe kwa sababu ya bisibisi, na bisibisi huwezi kuivizia kichochoroni.

Alikuja Dar es Salaam kutoka Ndanda, kusini, akiwa na sanduku la vifaa alilopewa kwenye karakana ya misheni, mke aliyefunga naye ndoa kanisani, na maneno mengi sana. Alipanga chumba kwa Bi Kijakazi, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kwenye nyumba yenye baraza ndefu ambayo mafundi nguo saba walikuwa wameijaza cherehani zao. Mafundi saba walishona, Augustino akatengeneza cherehani zikiharibika. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri namna hiyo kwa miaka minne, na yangeendelea kukaa vizuri kama angekuwa bubu.

Tatizo ni kwamba hakuweza kukaza skrubu bila kuihutubia.

"Tazama," alikuwa akimwambia mteja, ameinamia cherehani kama padri aliyeinamia mgonjwa. "Mguu wako unajua jambo moja tu, kupanda na kushuka. Kanyagio nalo linapanda na kushuka. Hii fimbo inalipeleka jambo hilo kwenye gurudumu kubwa, na hapa kwenye kombo, hiki chuma kilichopinda, kupanda na kushuka kunageuka kuzunguka. Mkanda wa ngozi unabeba mzunguko mpaka gurudumu dogo la juu. Kubwa likizunguka mara moja, dogo limekwenda mara nne. Kwa nini? Mkanda ni mmoja. Urefu unaopita huku ndio huohuo unaopita kule, na dogo lina kiuno chembamba."

"Halafu?" mteja anauliza, maana asipouliza hapewi cherehani yake.

"Halafu kule kichwani, kuzunguka kunageuzwa tena kuwa kupanda na kushuka, kwa ajili ya sindano."

Shomari, fundi wa kanzu, mtu mrefu mwenye ulimi mrefu kuliko yeye, aliwahi kumkatiza hapo. "Kwa hiyo tumetoka kupanda na kushuka, tumezunguka mji mzima, tumerudi kupanda na kushuka. Si ningefunga sindano kwenye kidole gumba cha mguu tukamaliza?"

Baraza nzima ilicheka. Augustino hakucheka. Alimweleza Shomari kwa nusu saa kwamba kidole gumba hakiwezi kwenda mara nne kwa kila mkanyago mmoja, na Shomari akakubali ili aachwe ashone.

Nyuma ya mlango, siku zote hizo, mkewe Severa alikuwa anachagua mchele. Mtu anayechagua mchele ana macho yaliyo kazini na masikio yasiyo na kazi. Kwa miaka minne masikio ya Severa yalisikiliza fimbo, kombo, mkanda, magurudumu yenye meno na kila kitu kinachozunguka chini ya jua. Hakuna aliyemuuliza kama ameelewa. Mumewe alidhani yale maneno yalikuwa yanapita juu ya ungo na kwenda zake.

Ndipo akafariki mtu wa kwao huko Buguruni, Augustino akaenda mazikoni, na siku hiyohiyo cherehani ya fundi wa mwisho barazani ikaanza kuzunguka kinyumenyume na kukata uzi. Ugonjwa huu Augustino aliufahamu sana. Aliupenda. Kila ulipotokea aliichukua cherehani ndani, akaifunika kanga, akakaa nayo siku mbili, na kuirudisha akiwa na uso wa mtu aliyetoka kupigana na jini.

Severa alitoka na ungo wake, akatazama, akasema, "Mguu umekanyaga wakati kombo limesimama juu kabisa. Likiwa hapo halijui liende mbele au liende nyuma, linakwenda linakotaka. Wewe lipe gurudumu la juu mkono kidogo, liamue kwenda kwako, ndipo ukanyage."

Fundi akalipa mkono. Cherehani ikaenda mbele.

"Basi?" akauliza.

"Basi," akasema Severa, akarudi kwenye mchele.

Augustino aliporudi kutoka mazikoni alikuta baraza nzima inalipa gurudumu mkono. Jini lake lilikuwa limekufa, na yeye hakualikwa kwenye mazishi yake.

Tangu siku hiyo mtaa ukaanza kusema neno ambalo lilimpunguza kilo: "Mama Sofia yupo?" Sofia ni binti yao, wakati huo alikuwa bado anatambaa. Mtu anakuja na cherehani kichwani, Augustino amekaa palepale mlangoni, bisibisi mkononi, na mtu anamwamkia vizuri kabisa, "Habari za asubuhi, fundi," halafu anachungulia juu ya bega lake. "Mama Sofia yupo?"

"Yupo bombani."

Na kweli yupo bombani, kwa sababu Augustino amemtuma maji. Nyumba ile haijawahi kuwa na maji mengi namna ile. Mitungi ilijaa, ndoo zikajaa, karai la kuogeshea mtoto likajaa. Bi Kijakazi aliuliza kama wapangaji wake wanafuga samaki. Wateja nao walikaa kwenye ngazi wakasubiri.

Kilichomuuma zaidi ni jinsi mkewe alivyokuwa akifanya kazi. Severa hakuhutubia. Alizungusha gurudumu kwa mkono mara tatu, polepole, kiganja cha pili kimelala juu ya cherehani kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto, halafu akagusa mahali pamoja. Sheria ya kuzungusha kwanza ilikuwa ya Augustino mwenyewe. Ndiye aliyeihubiri: fundi asiyezungusha gurudumu kabla ya kushika skrubu ni mwizi wa skrubu. Sasa alikuwa anaitazama sheria yake ikimtii mtu mwingine, na inamtii vizuri zaidi. Usiku alikuwa analala ameupa ukuta uso. Severa akimuuliza ana nini, anasema mgongo.

Ikaingia Ramadhani ya mwaka hamsini na sita, katikati ya masika, matope mpaka magotini. Kwa fundi nguo, Ramadhani ina siku thelathini na kila siku ina saa nne pungufu. Shomari alikuwa ameahidi kanzu za watoto wa chuo kizima cha Kurani, na zilibaki siku nane Idi ifike. Asubuhi ya Ijumaa moja cherehani yake ikagoma. Akamwita Severa, mbele ya Augustino, bila hata kuchungulia juu ya bega. Severa akazungusha mara tatu, akakaza, akapaka mafuta, ikashona kama mpya.

"Mama Sofia," alisema Shomari, "nikifa kabla ya sikukuu, cherehani hii ni yako."

"Usife, shemeji, nani atavaa kanzu zote hizo?"

Wakacheka wote wawili. Augustino alikuwa anapiga msasa kipande cha chuma ambacho hakikuwa na kutu.

Sasa, baraza ile ilikuwa na desturi yake. Adhana ya Ijumaa ikilia, mafundi wote saba walifunika cherehani kwa vitambaa na kwenda msikitini pamoja, na cherehani walimwachia Augustino. Hakuna aliyewahi kuwapangia hivyo. Yeye ni Mkristo, Ijumaa kwake ni siku kama siku, na ni mtu mwaminifu. Kwa miaka minne hapakupotea hata sindano. Shomari alipenda kusema kwamba mbinguni kutakuwa na kiti cha pembeni kwa Mkatoliki mmoja aliyelinda cherehani za Waislamu.

Ijumaa hiyo walikwenda. Severa alikuwa bombani, kama kawaida. Bi Kijakazi alikuwa uani akikuna nazi za futari. Augustino alibaki na cherehani saba zilizofunikwa, na moja kati ya hizo ilikuwa inamcheka chini ya kitambaa.

Alichofanya kilikuwa kidogo sana. Sindano ikishuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi wake unavimba pembeni na kufanya kitanzi kidogo, na wakati huohuo ndoana inayozunguka chini inapitisha pua yake katika kitanzi hicho. Huko chini kuna magurudumu mawili ya meno, moja lina meno mara mbili ya jingine, ili sindano ikishuka mara moja ndoana izunguke mara mbili na iwahi miadi. Sindano na ndoana hazijuani. Zinakutana kwa sababu zimepangiwa. Augustino alilegeza skrubu moja, akaisogeza juu fimbo inayobeba sindano, unene wa punje ya choroko, akakaza tena. Akafunika kitambaa. Akakaa mlangoni na kupiga mluzi wimbo wa kanisani.

Mpango wake ulikuwa na hesabu nzuri. Shomari atarudi, mishono itaruka, atajua kazi ya Mama Sofia haidumu hata nusu siku. Halafu Augustino atasimama.

Shomari alirudi, akakaa, akalipa gurudumu mkono, akakanyaga. Mishono ikaruka. Akabadilisha uzi. Ikaruka. Akabadilisha sindano. Mfungo ulikuwa umemfika kooni, na kanzu mia na ushei zilikuwa zinamtazama kutoka kwenye kikapu.

"Mama Sofia!" aliita. Severa alikuwa ndiyo kwanza anafika, ndoo kichwani. "Asubuhi umefanya nini hapa? Njoo uone."

"Mwacheni apumzike," alisema Augustino, ameshasimama. "Kazi za kujifunzia mlangoni ndivyo zilivyo, huwa hazikai. Nipisheni."

Alikaa kwenye kiti cha Shomari. Mafundi sita wakasogea. Bi Kijakazi akatoka na kifuu mkononi. Ilikuwa ndiyo saa aliyoingoja, na alikuwa na haraka ya kuifikia. Alifungua kifuniko cha pembeni, bisibisi ikaenda moja kwa moja kwenye skrubu, akalegeza, akashusha fimbo ya sindano, akakaza, akafunga.

"Shona."

Shomari akashona. Mshono ukatoka umenyooka kama barabara ya kwenda Pugu. Ilikuwa imemchukua muda wa kumeza mate.

Augustino akangoja asifiwe. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye ukingo wa bati. Severa alishusha ndoo, taratibu, maji yasimwagike.

"Baba Sofia," alisema, "hukuzungusha gurudumu."

"Nini?"

"Hukuzungusha hata mara moja. Umejuaje kuwa ni skrubu ile?"

"Uzoefu."

"Uzoefu wa tangu lini, baba?" aliuliza Bi Kijakazi, akila kipande cha nazi kwa kuwa umri wake na ugonjwa wake wa sukari vilimruhusu kutofunga. "Wa tangu Ndanda, au wa tangu adhana?"

Mmoja akaguna. Kisha wote saba wakaelewa kwa pamoja, na ungeweza kuona jambo lile likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Augustino alifungua kinywa. Mtu aliyeweza kuihutubia skrubu kwa nusu saa alikifunga tena kikiwa kitupu.

Shomari hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Aliweka kiganja juu ya cherehani yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuijua kuwa anayo, "Fundi. Tulikuachia wewe."

Jioni Severa alimwekea ugali na dagaa, akakaa mbele yake mpaka akaanza kula.

"Ungeniambia tu," alisema. "Hii ya Shomari ningekuachia utengeneze wewe."

"Hapo ndipo paliponiuma," alisema Augustino. "Uniachie."

"Kwani wewe ulipokuwa unaniachia ungo, mimi nilifanya nini?"

Augustino alikula dagaa mmoja kwa muda mrefu kuliko dagaa anavyostahili.

Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Idi. Adhana ilipolia, mafundi saba walifunika cherehani zao na kumwachia Severa ulinzi. Kisha wakasimama, wakamtazama Augustino. Kumwacha barazani hawakutaka. Kumfukuza nako hawakuweza, ni jirani, na mwezi ule ni wa kusamehe, ingawa si wa kusahau.

"Twende wote," alisema Shomari.

"Msikitini? Mimi?"

"Nje. Utatulindia viatu. Viatu havina skrubu."

Akaenda. Alikaa kwenye ngazi ya msikiti, mbele yake safu za makubadhi na viatu vya ngozi, akisikia khutba asiyoielewa ikitoka dirishani. Alijaribu kumsamehe Severa kwa kosa la kuwa na akili. Karibu afanikiwe.

Hapo akapita mtu mmoja, suruali imelowa mpaka mapajani, kichwani ana cherehani iliyofungwa kwa turubai.

"Ndugu, shikamoo au hujambo, sioni vizuri na mzigo huu," alisema. "Mimi natoka Kigamboni, nimevukia Magogoni tangu asubuhi. Naambiwa huku Kariakoo kuna mwanamke anaitwa Mama Sofia, anatengeneza cherehani. Unamfahamu?"

Augustino alitazama mtaa mzima, upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Kwa kweli alikuwa na pande mbili za kuchagua, na moja kati ya hizo ingempeleka mtu yule mpaka Ilala.

"Nyoosha hapo," alisema mwishowe. "Baraza ndefu, ya pili baada ya kona. Ni mke wangu."

Mtu wa Kigamboni aliinua turubai kidogo ili amwone vizuri. Alimtazama yeye, akazitazama safu za viatu, akamtazama tena.

"Aa," alisema. "Na wewe kazi yako ndiyo hii?"

"Ijumaa tu," alijibu Augustino.