Kodi ya Kibanda cha Kahaso

Mwaka wa 1947 Kahaso alikuwa akikaa Changamwe na mumewe Baya, kibarua wa bandarini Kilindini, pamoja na mke mwenzake, Kanze. Kila mke alikuwa na kibanda chake cha makuti, na kwa hiyo serikali ilimtoza Baya kodi mbili kila mwaka. Kahaso ndiye aliyeshona makuti ya kuuza ili kodi ya pili ipatikane, hata vidole vikaota sugu.

Jirani yao, Mzee Elkana, alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Alipokea pensheni kila mwezi, tena alikuwa na nyumba ya mabati yenye vyumba sita, vinne akivipangisha. Kahaso hakuwa na neno na mzee. Aliyemkera ni mkewe, Pascalia, aliyeshinda barazani na viatu miguuni, akinywa chai ya maziwa. Kila Kahaso akimtazama, kazi ilimtoka mkononi.

Karani wa kodi alipokuja, Kahaso alimwona Elkana akiandikiwa risiti moja tu. Akamfuata karani njiani.

“Bwana karani, nyumba ile ina vyumba sita na wapangaji. Mbona anatoa sawa na kibanda kimoja, na sisi maskini tunatoa mara mbili?”

“Mama, mimi nahesabu nyumba. Vyumba sivihesabu.”

Pascalia aliyasikia hayo kutoka barazani, akasema kwa upole kwamba mumewe ameitumikia serikali miaka thelathini. Upole ule ulimuuma Kahaso kuliko tusi.

Juma lile lile akamshauri Baya abomoe kibanda chake yeye Kahaso, amwongezee chumba ubavuni mwa nyumba ya Kanze, paa liwe moja. Ikiwa mwenye mali ana vyumba sita kwa kodi moja, wao watakuwa na viwili. Baya akaona ni akili. Kanze alisogeza mitungi yake tu.

Mwaka uliofuata kodi ikawa moja kweli. Kahaso akanunua leso mpya, akapita nayo mbele ya baraza la Pascalia mara mbili.

Lakini ukuta uliomtenga na Kanze ulikuwa wa fito na udongo, wala haukufika paani. Alimsikia Kanze akimpakulia Baya chakula, na Baya akicheka kicheko ambacho yeye hajakisikia tangu azae kifungua mimba wake. Zamani alijua tu kwamba mume yuko kule. Sasa alijua anavyofurahi akiwa kule.

Alivumilia miezi saba. Kisha akaenda kukata fito, akaanza kuchimba mashimo ya kibanda kipya. Baya akamuuliza kama anataka kumrudisha kwenye kodi mbili, naye Elkana aendelee na yake moja.

“Yangu nitaitoa mimi,” Kahaso alijibu.

Na aliitoa. Karani aliporudi, Kahaso alimkabidhi fedha, akaomba risiti iandikwe jina lake. Karani akamweleza kwamba kodi ya nyumba huandikwa jina la mume, akaandika Baya. Kahaso akaipokea ile karatasi, akaichomeka kwenye makuti ya paa lake. Baya hakuonyeshwa.