Jumamosi Usije Kichiwa

Kwa miaka mingi nimekuwa karani wa mahakama hapa Makambako. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyapanga, kuyasaka yakipotea, na kuwaambia watu wakae kimya. Ndugu zangu hudhani kwa kukaa karibu na sheria nimekuwa mtu mnyoofu, nami sijawahi kuwakatalia. Habari hii imenichukua muda kuiandika kwa sababu ndani yake mnyoofu si mimi.

Nina mdogo wangu mmoja wa kiume. Tulizaliwa wawili tu, na nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini. Yeye alibaki nyumbani Kichiwa na mama, akilima viazi na mahindi. Baba alipokuwa hai alimfundisha kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi: kukata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, kuning'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, kisha kusubiri. Baba hakuwa mtu wa maneno, lakini kwenye ile mianzi walizungumza. Baada ya msiba, baba mdogo alisema mpaka wake unapita upande wetu wa mianzi. Akaing'oa yote, akapanda misonobari. Tukapeleka shauri baraza la ardhi, likaahirishwa, likaahirishwa tena, na misonobari ikaendelea kurefuka.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, majani yamekauka na upepo unavuma mchana kutwa, aliponipigia simu Jumatano nikiwa kazini.

"Dada, Jumamosi usije Kichiwa."

Kila Jumamosi huwa naenda. Nikamuuliza kuna nini.

"Hamna kitu. Baba mdogo anampeleka mama mdogo Ikonda, hospitali. Kwao hakutakuwa na mtu, na mama atakuwa anafagia kanisa na wenzake." Akashusha sauti. "Na huu upepo, dada. Ile miti haitabaki hata mmoja."

Nilielewa palepale, hakuhitaji kutaja kiberiti. Nikasema, "Sikusikii, mtandao unakatakata," nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilimsikia hata jogoo aliyekuwa nyuma yake.

Sheria naijua. Ukijua mtu anapanga kutenda kosa, ukakaa bila kutumia kila njia inayofaa kulizuia, nawe una kosa lako. Niliwahi kumwona mama mmoja akisimama mbele ya hakimu kwa jambo la namna hiyo: mumewe alipanga, yeye alijua, akaendelea kupika. Nilikaa pale na kalamu yangu nikajisemea, si angesema tu? Sasa zamu ilikuwa yangu, na sikujua niseme kwa nani. Nikienda polisi, nimemfunga mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimwambia baba mdogo, watakatana mapanga. Nikimwambia mama, presha itampanda. Basi nikaamua kwamba sijasikia. Alhamisi sikusikia. Ijumaa pia sikusikia, ila niliweka karatasi za mirathi ndani ya jalada la wizi wa kuku, na hakimu akaniuliza kama naumwa.

Kilichonitikisa si sheria. Ijumaa jioni nilichukua sweta lake, aliloniachia nimshonee kiwiko. Nikiwa nashona nikamwona akishushwa kwenye karandinga gerezani Njombe, na nikajiuliza kule ndani atavaa nini, maana tangu mdogo baridi inamtesa. Nilimpenda sana saa ile. Nikalia mpaka nikajichoma sindano.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la kwanza. Njia nzima nilipanga maneno makali ya kumwambia, mengine ya kisheria kabisa, na nilikuwa nayajaribu midomoni mpaka abiria mwenzangu akasogea mbali nami. Nilipofika nyumbani hapakuwa na mtu. Nikashika njia ya shambani na sweta lake mkononi, na kabla sijafika kwenye misonobari nikasikia jembe.

Alikuwa mama, kanga kiunoni, ameinama pembezoni mwa shamba la shemeji yake. Alikuwa anachimba njia ya moto: ukanda mpana wa udongo mtupu, usio na jani, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Alikuwa amemaliza pande mbili nzima na nusu ya upande wa tatu. Njia kama hiyo huzuia moto unaotoka mbali, haimzuii mtu aliyekuja na kiberiti mfukoni. Mama alilijua hilo. Alichokuwa anakiweka pale ni mwili wake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Hakuacha kulima. "Umekuja kulima, au umekuja na hiyo mahakama yako?"

"Umejuaje?"

"Alhamisi alimwamkia baba yako mdogo. Akamuuliza na hali ya mgonjwa, kwa upole kabisa. Miaka yote hii anampita kama kisiki. Nikajua huyu ana jambo, na kwa upepo huu jambo la misonobari ni moto tu."

"Ukamsema?"

"Nimseme, akatae, halafu awe amenidanganya mama yake? Nikachukua jembe."

Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Alikuwa ameanza Alhamisi hiyohiyo, peke yake, umri ule. Nikaona aibu ya ajabu.

"Mama, mimi aliniambia Jumatano."

Hapo alisimama. Aliniangalia bila hasira, na ningependelea hasira.

"Jumatano," alisema. "Ungeniambia, tungekuwa wawili."

Sijawahi kushtakiwa popote, lakini hukumu nimeshasomewa. Nilivua viatu, nikaenda kuchukua jembe jingine, nikaanza mahali alipokuwa amefika.

Mdogo wangu alitokea saa nne hivi. Alikuja kwa njia ya juu akiwa na kidumu cha petroli, anatembea haraka, na alikuwa karibu kabisa alipotuona. Akasimama. Upepo ulikuwa unapiga majani makavu kati yake na sisi, na yale maneno yangu makali yote yalikuwa yamenitoka.

"Upande wa juu bado," mama alimwambia, kama vile ndiye aliyemwita. "Na mikono yangu imekwisha."

Mimi nikamnyooshea sweta. "Kiwiko nimekishona," nikasema, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoweza kusema.

Alirudi nyuma, akakiweka kidumu mbali kule njiani. Kisha akaja kupokea jembe la mama, na alipolipokea akaviona viganja vyake. Alilia, mtu mzima na ndevu zake, na huku analia alikuwa analima, kwa hiyo tukamwacha. Mchana tulikula viazi vya kuchoma tumekaa kwenye udongo mpya. Jioni njia ilikuwa imefunga pande zote nne, na mama akampa ile petroli jirani mwenye pikipiki bila kumweleza imetoka wapi.

Baba mdogo aliporudi kutoka Ikonda alikuja mwenyewe kushukuru. Alisimama uani akizungusha kofia mkononi. Mdogo wangu alimwambia, "Ni kazi ya mama," akaingia ndani. Shauri bado liko barazani, misonobari bado imesimama, na sitasema kwamba wamependana. Lakini mdogo wangu yuko nyumbani, analala kitandani kwake, na mimi nikiona mtu amesimama kizimbani kwa sababu alijua akanyamaza, sijiulizi tena kwa nini hakusema.

Mvua zilipoanza alinipigia simu, tena Jumatano. Tuliongea habari za mbegu na za miguu ya mama. Nilipoona anataka kuaga, nikamwambia lile nililomficha tangu kiangazi.

"Siku ile mtandao haukukatika. Nilikusikia."

"Najua," alisema. "Nilikupigia ili unikataze."

Alisema bila kunilaumu. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nakuja, maana kwenye njia ya moto majani yameanza kuota tena upande wa juu, na mama ameshaanza kulitafuta jembe. Nikamwambia nakuja.