Anwani ya Jamaa wa Saiba

Usinikunjie uso, msomaji. Nilikuwepo, na masikio yangu hayajazeeka.

Katika ofisi ya ushuru hapa mjini, mama mmoja wa Kapseret alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Shule fulani ilitaka kununua maziwa yake, mradi apeleke cheti cha ushuru kufikia Ijumaa. Karani akabonyeza kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mama, uko na faini. Miaka minne hujaleta fomu za ushuru."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Tulikuandikia kila mwaka." Akamgeuzia skrini. "Anwani yako ya imeli si hii?"

Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hii ni ya yule jamaa wa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, alinitengenezea PIN ya ushuru! Alisema kwa vile sina imeli, ataweka yake."

"Basi ni yeye tumekuwa tukionya."

"Na alifunga saiba! Siku hizi anafuga kuku Yamumbi."

"Mlete akiri anwani ni yake, tuone kama faini itaondolewa."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikiwemo. Halafu nikajiuliza, huyo mtu husoma faini za wangapi kabla ya kulisha kuku? Zamu yangu ilipofika nikasema, "Hebu nionyeshe yangu."

Karani akanigeuzia skrini. Anwani ilikuwa ileile.

Yule mama alikuwa bado mlangoni, anafunga kitambaa kichwani. "Wewe pia?"

"Mimi pia. Kwake unapajua?"

"Napajua."

Nikamtanguliza nje, tukashika njia ya Yamumbi.