Chupa ya Kwapani

Siku niliyokwenda kuomba kazi nilipewa kichupa cha maji ya uvuguvugu, nikaambiwa nikibane kwapani, nitembee kutoka hospitali hadi Buhare na kurudi. Niliporudi, Daktari Mtafiti alichomeka kipimajoto kwenye yale maji, akasoma, akacheka.

"Kwapa lako zuri," alisema. "Kesho utaanza."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Shule niliiacha darasa la nne. Nikabeba marobota ya pamba, nikauza dagaa Kiriba, sikutulia popote. Musoma nilikuja kutafuta kibarua chochote.

Daktari alikuwa anachunguza kwa nini baadhi ya wanaume hawapati watoto. Manii hupimwa yakiwa bado na joto la mwili, kabla saa moja haijapita. Yakipoa, mbegu hulegea, na mpimaji anaweza kudhani zimekufa. Wanaume hawakukubali kuonekana wakiingia chumba chetu, hivyo mimi niliwafuata majumbani. Nilipoomba kuchungulia kwenye hadubini, chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho, niliona mbegu zikihangaika kama viluwiluwi. Mimi niliyekuwa situlii, nikatulia.

Tulianzia Musoma, tukaenda Butiama, kisha Bunda, wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Nyumba kuwa karibu karibu kulirahisisha kazi, lakini kuliniharibia maisha. Nikisimama kwa mtu kuomba maji tu, jioni kijiji kizima kinamwita mgumba. Kilabuni walinipokea kwa kelele: "Funikeni mapaja, jamani, mchukuzi kafika!" Wakishacheka, benchi nililokalia linabaki langu peke yangu.

Hata wakubwa wetu walikuwa na mashaka. Bwana Afya mmoja alimwambia Daktari mbele yangu, "Ndugu, utasa ni mambo ya akina mama. Unasumbua waume za watu."

"Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kitandani," Daktari alijibu, "na asiwe na mbegu hata moja. Hayo ni mambo mawili, mzee wangu."

Tangu hapo aliweka sharti: hampi mke dawa kabla hajampima mume.

Pale Bunda mtu mmoja tu ndiye aliyenikaribisha kwake bila kujali maneno. Aliitwa Magesa, mkulima wa pamba. Nilikula kwake, tukabishana juu ya mvua na bei. Yeye na mkewe Nyangeta walikuwa hawajapata mtoto, na kaka zake walishaamua kwamba mwanamke arudishwe kwao, ng'ombe wa mahari warejee, Magesa aoe mwingine. Nyangeta alikuja zahanati kuomba dawa. Daktari akamweleza sharti lake. Mimi nikaenda kwa Magesa.

"Leo umekuja kama rafiki," aliniuliza, "au umekuja na chupa?"

"Vyote viwili, kaka."

"Wewe! Mimi nalimaga mpaka jembe linachoka. Unataka kunipima nini?"

"Jumamosi kaka zako wanamchukua shemeji. Wanamchukua bila mtu kujua kama kasoro ni yake."

Alitazama upande wa jikoni, ambako Nyangeta alikuwa anapepeta mtama. Kisha akanyoosha mkono.

Daktari alipomaliza kutazama alinipisha. Hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Tukarudia kwa sampuli nyingine, kwa kuwa Daktari hakuwahi kumhukumu mtu kwa sampuli moja. Tupu vilevile. Matubwitubwi aliyougua Magesa ujanani yalikuwa yameshuka hadi kwenye korodani. Haya aliambiwa na Daktari mwenyewe, mlango umefungwa.

Jumamosi Magesa aliniomba niwepo. Kaka zake walikataa hata viti.

"Tumekuja kumsindikiza Nyangeta," alisema mkubwa wao.

"Haendi. Ng'ombe wabaki waliko. Kasoro ni yangu, imepimwa."

"Na huyu mtu wako wa chupa?"

"Mwache. Nimesema mke wangu haendi."

Waliondoka bila kuaga. Nyangeta alibaki kwake. Magesa alinisindikiza hadi barabarani, na pale akaniambia, "Rafiki yangu, usije tena. Nikikuona naonaga ile chupa."

Nikamwambia sawa.

Daktari alihamishwa baadaye, akatuachia utaratibu ambao sasa unaonekana wa kawaida: mume na mke wapimwe wote, sampuli zisiwe moja, na mwanamume aulizwe matubwitubwi na kisonono cha zamani, ambacho huziba njia ya mbegu. Hapa Kitaji ninakoishi nawaona vijana wakienda kliniki wawili wawili, wanataniana njiani. Mimi hufurahi, kisha hurudi ndani.

Nilipostaafu, ofisi ilinifanyia chai ya kuniaga. Walikuja watu wa ofisini. Wanaume niliowabebea wangejaza ukumbi ule, lakini hakuna aliyefika, wala sikumlaumu yeyote. Nyumbani kwa Magesa watoto walikuwa wameshapatikana, kwa mbegu ya ndugu mwingine, njia ambayo wazee wa ukoo huipanga bila kuitangaza, na wote wanaitwa kwa jina lake. Angekuja, wangemuuliza: baba, yule mzee mlifahamiana wapi?