Madam Tuko Pamoja

Kuna watu wanaoogopa nyoka na kuna wanaoogopa wakwe. Madam Tuko Pamoja aliogopa watoto wa shule ya msingi, na kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa kwenda kuwafundisha watoto hao. Mambo haya mawili aliyatenganisha kwa ustadi miaka mingi, hadi mkuu wa chuo alipoyakutanisha.

Jina hilo alipewa na wanachuo. Kila alipomaliza kueleza jambo aliinua mkono wenye chaki na kuuliza, "Tuko pamoja?" na darasa zima likaitikia, "Tuko pamoja!" Alijua kwamba wanamwita hivyo kisogoni, na kusema kweli lilimpendeza. Mkufunzi wa jirani aliitwa Kamba Mguu kwa sababu ya mwendo wake, kwa hiyo yeye alikuwa na bahati.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "Mmeelewa?" Hilo alilipiga marufuku. "Mtoto ukimuuliza kama ameelewa atakwambia ndiyo," alikuwa akisema, "hata kama ulikuwa unamsomea bei ya saruji. Mpe swali alijibu. Usimuulize kama ameelewa." Mwanachuo aliyeteleza akalisema alirudishwa mlangoni, aingie upya na kuanza somo tangu salamu.

Mazoezi ya kufundisha yalifanyika katika chumba kilicho mwisho wa ukumbi, chenye madawati mafupi yaliyoletwa makusudi. Mmoja alifundisha, wengine wakajifanya watoto. Kiongozi wa darasa, baba wa watoto wawili mwenye ndevu za kutosha kujaza mto, alikuwa bingwa wa kazi hiyo: alinyonya kidole, akamshtaki mwenzake, akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini maswali yalipofika, watoto hao wa bandia walijibu yote sawasawa, kwa sentensi kamili, ili mwenzao apate alama. Leo kwako, kesho kwangu.

Basi siku moja kwenye kikao mkuu wa chuo akatangaza kwamba safari hii, kabla wanachuo hawajatawanyika kwenda mashuleni kwa mazoezi, kila mkufunzi atafundisha somo moja la mfano katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Watoto wa kweli, wanachuo wakiangalia kutoka nyuma. "Tusiwe watu wa kusema fanyeni, huku sisi hatufanyi," alisema mkuu. Wakufunzi wakapiga makofi. Madam naye alipiga, taratibu kuliko wote.

Alipokuwa msichana aliwahi kufundisha shule ya msingi. Watoto hawakumtukana wala hawakumrushia kitu. Walinyamaza tu. Alieleza, akageuka, akakuta nyuso zimemtazama zisionyeshe kitu, na hakujua kama maneno yake yamefika au yameishia hewani. Kimya kile kilimfuata mpaka nyumbani, kikakaa naye mezani. Nafasi ya chuoni ilipotokea aliikimbilia. Watu walimpongeza kwa kupanda cheo, akashukuru, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu aliyekuletea zawadi kwamba wewe ulikuwa unatoroka.

Jioni ile alimwambia mumewe, fundi wa redio na runinga, mtu wa maneno machache ambayo mengi yalikuwa ya utani.

"Yaani mama watoto, chuo kizima kinakuogopa wewe, halafu wewe unaogopa vitoto vya darasa la tatu?"

"Usicheke, baba watoto. Naogopa kweli."

Mumewe akamtazama, akaweka bisibisi chini. "Basi sicheki," alisema.

Huenda angetafuta homa ya kusingizia siku ya somo, maana hata mkufunzi anajua njia za mwanafunzi, lakini ikatokea habari ya Mpole.

Mpole alikuwa mwanachuo wake katika hesabu, binti mtulivu aliyeandika vizuri na kukaa karibu na dirisha. Maandalio yake ya somo yalikuwa safi kuliko ya wote. Asubuhi moja aliingia ofisini na begi lake la nguo.

"Madam, nimekuja kuaga. Mimi sitaenda mazoezini."

"Unaumwa?"

"Hapana. Naogopa." Aliitazama sakafu. "Silali. Nikifikiria nimesimama mbele ya wale watoto, mate yananikaukia. Kaka yangu ndiye ananilipia, najua atanuna. Bora anune sasa kuliko niende nikaaibike."

Madam alikuwa na hotuba nzuri kwa watu wa namna hiyo. Siku ile haikutoka. Alimwangalia binti yule akajiona mwenyewe, na akasema jambo ambalo hakulipanga.

"Keti. Jumatano nafundisha somo la mfano pale ng'ambo. Njoo unitazame. Nikisimama mimi, na wewe utasimama. Nikishindwa, nitakusindikiza stendi na begi nitakubebea mwenyewe."

Mpole aliliacha begi nyuma ya mlango wa ofisi. Lilikaa pale siku zote zile, na kila Madam alipofungua kabati lilimgusa mguu.

Jumatano watoto walisimama pamoja, wakasalimia pamoja, wakaketi kwa kelele za madawati. Wanachuo walijaza nyuma ya chumba, wengine wakibanana na watoto katika madawati ya mwisho, na Mpole alikuwa kati yao, magoti yakigonga mbao, kando ya mtoto wa kike mwenye sweta kubwa. Mkuu wa chuo alipewa kiti karibu na mlango. Madam aliona mlango huo na akautamani.

Somo lilikuwa sehemu: nusu, theluthi, robo. Vipande vya karatasi ngumu alivikata nyumbani, vya rangi, vikavutia. Alibandika chekundu, akasema hii ni theluthi, moja ya tatu. Alibandika cha kijani, akasema hii ni robo, moja ya nne. Alipoandika, chaki ilikatika. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Akauliza ipi kubwa, theluthi au robo.

Wakanyamaza.

Ni kimya kilekile. Hakikuzeeka hata kidogo, yeye ndiye aliyezeeka. Watoto walimtazama wametulia, wana adabu, na hakuna uso uliosema kitu. Alijua la kufanya, aliwafundisha wengine la kufanya: ngoja, uliza kwa namna nyingine, waache wazungumze wawili wawili. Yote yalimtoroka. Akawaeleza yeye mwenyewe kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo, kwa sauti ya juu na ya haraka, na kinywa chake kikafunguka.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Kule nyuma kalamu zote zilisimama. Mtu mmoja alikohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kifua. Madam alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaliona mawazoni begi la Mpole nyuma ya mlango wa ofisi, akajiona analibeba kwenda stendi. Akageukia ubao ili aendelee na hatua inayofuata, kwa kuwa ndivyo andalio lilivyosema.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Sauti ilitoka dawati la nyuma. Mpole alikuwa amenyoosha mkono juu kabisa, kama mtoto.

"Nne si kubwa kuliko tatu?" aliuliza. "Kwa nini moja ya nne iwe ndogo?"

Mtoto mwenye sweta alimtazama, kisha naye akanyoosha mkono. "Hata mimi." Kijana wa mbele akageuka kuona nani kasema, akanyoosha wake. Baada ya kidogo mikono ya nusu ya darasa ilikuwa juu, wakinong'ona, "Hata mimi, mwalimu."

Ajabu ni kwamba woga wa Madam haukuondoka, ila ulipata kazi ya kufanya. Alibandua vipande vyake vya rangi. Akachukua karatasi mbili nzima zilizo sawa, akasema hizi ni mikate. Aliita watoto watatu upande huu wagawane mmoja, wanne upande ule wagawane wa pili, na wakate wenyewe. Wakakata, wakagombana kidogo, wakalinganisha. Akamuuliza kijana mwenye pengo la meno angependa kula upande gani.

"Kwa hawa watatu."

"Kwa nini? Wale si wanne, wengi zaidi?"

"Ndiyo shida yenyewe, mwalimu. Mkiwa wengi hupati kitu. Kwetu tuko saba, mimi najua."

Chumba kizima kilicheka, na mkuu wa chuo naye. Mpaka kengele inalia watoto walikuwa wanakata theluthi, robo na sehemu za saba za huyo kijana, na vipande vimejaa sakafuni.

Nje, mkuu alimpa mkono. "Umetufundisha. Na yule binti ulimpanga vizuri, ameigiza mtoto kama mtoto kweli."

Madam naye aliamini hivyo. Alimkuta Mpole kwenye kivuli cha ukuta, akamshika bega. "Mwanangu, leo umeniokoa. Ulijuaje kuigiza pale pale?"

"Sikuigiza, Madam."

"Una maana gani?"

"Sikuwa naelewa." Mpole alisema polepole, macho chini. "Tangu darasa la tatu. Nilikariri tu. Yule mtoto niliyekaa naye aliitikia ndiyo, na kwenye daftari kaandika robo ndiyo kubwa. Nikajiona mimi. Ndicho nilichokuwa naogopa kule, si watoto. Niliogopa mmoja aniulize kwa nini."

Madam aliliachia bega lake. "Lakini sehemu tulizifanya. Wiki mbili. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unauliza, tuko pamoja." Mpole hakusema kwa ubaya. "Sasa Madam, nani atasimama aseme yeye hayupo?"

Madam alivuka barabara bila kuangalia, dereva mmoja akampigia honi, na alichokuwa anakiona mbele yake ni mwaka baada ya mwaka wa wanachuo wakiitikia kwa sauti moja, kisha wakipanda magari kwenda kwa watoto.

Kesho yake, katika chumba kile cha mazoezi, kilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya kutawanyika. Begi halikuwepo tena nyuma ya mlango, Mpole alilirudisha bwenini mwenyewe. Madam alipitia mambo ya mwisho, akafika mwisho wa maelezo, mkono wenye chaki ukapanda wenyewe na neno likaja ulimini. Darasa lilishavuta pumzi kuitikia. Akaushusha mkono.

"Niambieni nani hayupo," alisema. "Na hayupo wapi."

Kikaja kimya. Akakiacha kikae, akishika ukingo wa meza. Mkono wa Mpole ndio uliopanda kwanza. Kisha wa kiongozi wa darasa, yule wa ndevu, bila mzaha wowote usoni. Kisha mwingine, na wa nyuma yake, na kule dirishani, hadi akaacha kutafuta aliyebaki ameweka mkono chini. Magari yalikuwa yanakuja Jumatatu.

Madam alivuta kiti, akaketi katikati yao, kando ya madawati mafupi. "Haya," alisema. "Tuanze na nani?"