Mashine ya Wageni

Seremala ambaye mtaa mzima humwita Randa alifika hospitalini kusafishwa damu Jumanne asubuhi, miguu imevimba hata viatu vimegoma kuingia. Figo zake zilikufa miaka mitatu iliyopita, na kwa kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, wodi ilimtengea mashine ya pembeni, nyuma ya pazia. Wauguzi walioona haya kutaja sababu waliiita "ya wageni".

Siku hiyo mashine ya wageni ilikuwa imeharibika.

"Subiri fundi, baba," muuguzi alimwambia. "Labda Alhamisi."

"Alhamisi nitakuwa nimezama kwenye maji yangu mwenyewe, mwanangu! Na ile pale, mbona haina mtu?"

"Ile ni ya... wale wengine."

Daktari alishasema, mbele ya muuguzi huyuhuyu, kwamba kila mgonjwa ana kichujio chake, mashine husafishwa kwa dawa kila baada ya mtu, na virusi havirukiruki kama chura. Maneno yakaingia sikio hili, yakatokea lile.

Randa akajikokota hadi kwenye kitanda cha mashine ile, akajilaza, akakunja shati na kuunyoosha mkono uliojaa makovu ya sindano.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nina miaka mitatu hapa. Haya, lileteni hilo jembe langu."