Karani Mwenye Macho Manane

Wenzangu mliokunywa uji wa wimbi kisha mkakimbilia shule miguu mitupu, umande wa Nyamira ukiwang'ata vidole, mtanielewa. Enzi zetu hatukuwa na wanasesere wa dukani. Mimi nilikuwa na buibui.

Aliishi kwenye dirisha la jikoni kwetu, si mbali na Kebirigo. Hakutega utando akangoja. Aliwarukia nzi, pwaa! Nilimwita Karani kwa sababu ukimsogelea aligeuka mzimamzima, akakukodolea macho kana kwamba umeingia ofisini bila kuitwa.

Sasa, mwalimu wetu wa darasa la nne akatangaza kila mtoto alete mdudu au mnyama, amweleze mbele ya darasa tangu kichwa hadi miguu. Atakayeshinda atapiga kengele muhula mzima. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini, lakini jamani, niliitaka ringi ile kuliko sketi mpya! Nyaboke, mwenzangu wa dawati, tayari alikuwa na kinyonga, na maringo tele.

Jioni nikamnasa Karani, nikamtia kwenye mkebe wa mafuta ya kujipaka. Nikaona si vizuri alale kwenye bati tupu. Baba alikuwa ameanika maua ya pareto uani, basi nikachota kiganja kizima nikamtandikia godoro nono. Mtoto wa mkulima wa pareto mimi, niliyejua fika kwamba maua yale hutengenezewa dawa ya wadudu! Akili sijui niliiacha wapi.

Kesho yake nikafungua mkebe mbele ya darasa. Karani alikuwa chali, miguu yote minane imekunjwa. Nyaboke akacheka mpaka akamwachilia kinyonga. Mimi nikaangua kilio.

"Wewe Moraa, acha kulia, eleza," mwalimu akasema. "Huyo wako angalau hatoroki."

Nikaeleza huku kamasi zikinitiririka. Mweusi, mistari miwili myeupe mgongoni. Miguu mifupi yenye manyoya, ya mbele minene kama imevalishwa soksi za baridi. Chini ya uso, masharubu meupe kama ya babu akitoka kunywa maziwa. Macho mawili makubwa mbele, ya duara, yanang'aa. Mawili madogo kando yake. Na mengine manne juu ya kichwa, ya kuchunga nyuma. Mwalimu akavua miwani yake tukaitumia kumkuza Karani, darasa zima likapanga foleni kuhesabu. Alipokuwa hai hakuna aliyewahi kumhesabu macho, maana hakutulia. Kinyonga wa Nyaboke alikuwa ameshapotelea darini.

Nikashinda. Niligonga ringi ile muhula mzima, na kila asubuhi nikitoka nyumbani nilichungulia dirisha la jikoni. Lilikuwa na nzi tu.

Juzi mjukuu wangu, ambaye akiona buibui hai hupanda juu ya kiti akipiga mayowe, alinionyesha kwenye simu picha ya buibui kama yule, uso umejaa kioo chote.

"Magokoro," akaniita, yaani nyanya kwa Kigusii, "kisia ana macho mangapi."

"Manane," nikajibu bila kutazama.

Alishangaa, akataka kujua nilisomea wapi. Siku hizi watoto wanayaona yote hayo bila kumgusa buibui hata mmoja, na sijui kama kuna mtoto anayewapa majina. Nilitaka kujisifu, nikashindwa. Nikamwambia nilifundishwa na rafiki yangu Karani, niliyemuua kwa kumtandikia vizuri.